Wanakuja, wanachangia mara moja, kisha wanapotea

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mmoja wa watunzaji sita, yaani wanaoamua mabadiliko gani yaingie, wa mradi wa programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha. Tunatengeneza maktaba ya msimbo inayosaidia programu nyingine kusoma na kusafisha data za majedwali. Tuliuanzisha tukiwa wanafunzi. Leo unatumiwa na watu wengi kuliko tulivyowahi kutarajia, lakini sita tulioanza ndio sita tuliopo: wote wanaume, wa rika moja, tuliosoma darasa moja.

Mwaka jana tulikubaliana kwamba hali hii haifai. Tukaweka kanuni za maadili kwenye hazina ya mradi. Tiketi rahisi, yaani kazi ndogo na hitilafu zilizoorodheshwa zikingoja mtu, tukazipa lebo ya wanaoanza. Tukaandika ukurasa wa kuwakaribisha wapya, tukaendesha siku moja ya mafunzo kwa njia ya mtandao, na tukasema waziwazi kwamba tunawataka hasa wanawake, watu wenye ulemavu, na wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Walikuja wengi na nilifurahi sana. Karibu kila mmoja alituma badiliko moja dogo, tukalipitia, tukaliunganisha na msimbo wetu, tukamshukuru. Baada ya hapo kimya. Kijana mmoja asiyeona alituandikia kwamba anashindwa kufuatilia mazungumzo yetu kuhusu hitilafu. Tulimwahidi kuliangalia, kisha toleo jipya likatubana tukasahau.

Aliyeniuma zaidi kuondoka ni dada mmoja aliyekaa nasi karibu mwaka mzima. Alipanga upya nyaraka zote, alijibu maswali ya watumiaji, alichambua tiketi zilizorundikana na kufunga zilizorudiwa. Siku moja akaandika kwamba anatutakia kila la heri, na hatukumwona tena. Nilipomuuliza sababu alisema tu kwamba amechoka.

Mwenzangu mmoja anasema tusijisumbue. Kwa maoni yake mlango uko wazi, msimbo haujui nani ameuandika, anayeweza atabaki, na tukianza kuwabeba watu tutashusha ubora. Wengine wananyamaza. Mambo makubwa huwa tunayajadili kwenye kikundi chetu cha simu tulichokuwa nacho tangu chuoni, na safari hii nimeona hata huko mazungumzo yamekwama. Je, mwenzangu ana haki? Na kama hana, tumekosea wapi?

Mtunzaji mwenye wasiwasi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imenigusa, kwa sababu ni wachache wanaouliza waliondoka kwa nini. Wengi huhesabu waliokuja tu. Umenieleza kwa urefu mlichofanya ili kuwaleta watu, na mlifanya vizuri. Ila sikuona hata sentensi moja kuhusu mahali ambapo mtu aliyekuja angeweza kufika. Sita mlioanza ndio sita mliopo. Nadhani hapo ndipo penye kidonda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mliwapokea watu kwa heshima zote za mgeni, kisha mkawaacha katika ugeni huo. Mtu akishatuma badiliko lake la kwanza na kushukuriwa, afanye nini baadaye? Nani anamwambia kuna kazi ya pili inayomngoja yeye kwa jina? Tiketi zenye lebo ya wanaoanza husaidia siku ya kwanza tu. Ukishazimaliza mbili, unatazama mbele na kukuta ukuta: upande mmoja kuna kusahihisha makosa ya tahajia, upande mwingine kuna mambo mazito yanayoamuliwa na watu sita kwenye simu zao. Katikati hakuna ngazi.

Nianze na yule dada, maana hadithi yake inabeba karibu kila kitu. Alifanya kazi ambayo kila mradi unaihitaji na wachache wanaitaka. GitHub, jukwaa la mtandaoni ambako miradi mingi huhifadhi msimbo wake, ilipowahoji watumiaji wake mwaka 2017, asilimia 93 walisema nyaraka pungufu au zenye kuchanganya ni tatizo wanalolikuta katika programu huria. Kwa hiyo dada huyo alikuwa anaziba pengo kubwa linalolalamikiwa kuliko mengine. Sasa jiulize, kwa mwaka huo mzima alipata mamlaka gani? Je, aliweza kuidhinisha badiliko la nyaraka bila kumngoja mmoja wenu? Jina lake liliandikwa kwenye orodha ya watunzaji? Mlipopanga toleo jipya, alikuwepo? Kama jibu ni hapana mara tatu, basi neno “nimechoka” linajieleza. Mtu huchoka haraka anapofanya kazi ya mwenye nyumba huku akiomba ruhusa ya kufungua dirisha.

Hili si jambo geni, wala halihitaji kubuniwa upya. Katika taasisi ya Apache, inayosimamia miradi mingi ya programu huria, mtu anaweza kupewa haki za mtunzaji kwa nyaraka, kwa kuwasaidia watumiaji, kwa kuratibu, na si kwa msimbo pekee. Mradi wa Kubernetes, programu huria ya kuendesha programu nyingine kwenye kompyuta nyingi, nao umeandika ngazi zake hadharani: mwanachama, mpitiaji, mwidhinishaji, na mwenye dhamana ya sehemu ya mradi. Kila ngazi ina masharti yanayosomeka na yeyote, na kuingia ile ya kwanza unahitaji kudhaminiwa na wapitiaji wawili. Timu inayotoa matoleo yao huchukua pia watu wa kuiandama kazi hatua kwa hatua ili wakabidhiwe baadaye. Mgeni anayesoma ukurasa huo anajua alipo na kilichobaki. Kwenu ninyi ngazi ipo pia, ila imeandikwa vichwani mwenu, na sharti lake la kwanza ni kuwa mlisoma darasa moja. Hamkukusudia iwe hivyo. Lakini aliye nje haoni kusudio, anaona matokeo.

Sasa mwenzako. Usimwone adui. Anachotetea, yaani ubora, ni kitu kizuri, na mradi wenu umefika ulipofika kwa sababu ya watu kama yeye. Lakini hoja yake ina tobo. Msimbo kweli haujui nani ameuandika, ila anayeupitia anajua, maana jina na picha viko pale pembeni. Mwaka 2017 jarida la PeerJ Computer Science lilichapisha utafiti uliochunguza maombi ya kuunganisha mabadiliko yaliyotumwa kwenye GitHub. Kwa jumla, maombi ya wanawake yalikubaliwa zaidi, karibu asilimia 79 dhidi ya karibu 75 ya wanaume. Lakini kwa watu wapya kwa mradi husika mambo yaligeuka: pale jinsia ilipotambulika kwenye wasifu, maombi ya wanawake yalikubaliwa kwa kiwango cha chini kuliko ya wanaume, na pale ilipofichika wanawake waliwazidi. Takwimu hizo hazitoi picha ya kilichokuwa moyoni mwa mpitiaji mmoja mmoja, na simtuhumu mwenzako. Ninachosema ni kwamba mtu akidai kipimo chake ni ubora peke yake, namwomba akiangalie kipimo chenyewe kabla ya kuwapima wengine.

Na kuhusu mlango ulio wazi, mlango huo umekuwa wazi kwa miaka mingi sana. Utafiti wa FLOSSPOLS uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya ulikuta mwaka 2006 kwamba wanawake walikuwa kama asilimia 1.5 katika jamii ya programu huria, wakati katika kampuni za programu zenye miliki, yaani zisizo huria, walikuwa asilimia 28. Katika mahojiano yale ya GitHub ya mwaka 2017, asilimia 95 ya waliojibu walikuwa wanaume na 3 wanawake. Wanawake wale wa asilimia 28 walikuwa wanaandika msimbo kila siku na kulipwa kwa kazi hiyo. Uwezo haukuwapungukia. Kama mlango ungetosha, tofauti kubwa kiasi hicho isingekuwepo.

Kinachobadilisha hesabu ni mtu mwenye mamlaka kumchukua mwingine na kutembea naye hadi mwisho. Python, lugha ya kuandikia programu, ilitolewa mwaka 1991. Guido van Rossum, aliyeitunga, alisema hadharani kwamba anataka kuwaona wanawake kwenye timu ya msingi na yuko tayari kuwaongoza. Mariatta Wijaya akamwandikia, akaongozwa, na mwaka 2017 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mtunzaji wa msingi wa lugha hiyo, zaidi ya robo karne baada ya toleo la kwanza. Baraza la uongozi la watu watano lilipochaguliwa mwaka 2019, Carol Willing alikuwa mmoja wao. Sikiliza hapo, mwanangu: hakuna aliyeshusha kiwango cha Python. Kilichotokea ni kwamba mtu mwenye funguo alisema kwa mdomo wake kwamba funguo hizo zinaweza kushikwa na wengine, na alipoandikiwa, alijibu.

Kujibu ndiko kunakonipeleka kwenye jambo dogo ninalolitilia mkazo kuliko ukurasa wowote wa makaribisho. Ombi la mtu mpya likikaa wiki tatu bila neno, mkongwe atadhani mna shughuli nyingi. Mgeni ambaye tayari ana shaka kama mahali hapa ni pake atadhani amekataliwa. Kimya ni kile kile, maana anayoipata kila mmoja ni tofauti. Wekeni zamu. Kila wiki mmoja wenu awe na kazi moja, kuhakikisha kila ombi la mtu mpya limepata neno la binadamu ndani ya siku mbili, hata kama neno hilo ni “nimeliona, nitalipitia Ijumaa.” Ijumaa ikifika, alipitie kweli. Na anapolipitia, aeleze sababu. “Hii haifai” humfukuza mtu. “Hii itavunja usomaji wa faili kubwa, angalia jaribio fulani, nadhani ukihamisha mstari huu itakaa sawa” humfundisha na kumwonyesha kwamba mnatarajia arudi. Halafu, badiliko likishaunganishwa, msiishie kwenye asante. Mpeni jambo la pili linaloendana na alichokionyesha, na zito kidogo kuliko la kwanza. Mwaka 2019 katika ICSE, mkutano wa kimataifa wa uhandisi wa programu, kuliwasilishwa utafiti ulioonyesha kwamba wanawake kwenye GitHub huacha kuchangia mapema kuliko wanaume, na kwamba mahusiano na wenzao katika miradi humsaidia mtu kudumu. Mahusiano hayo huanzia kwenye jambo la pili, maana la kwanza mara nyingi ni kujaribu tu.

Yule kijana asiyeona naomba mumwandikie wiki hii, kabla ya mkutano wowote. Anaposema hafuatilii mazungumzo, huenda tatizo ni jepesi kuliko mnavyofikiri. Tazameni tiketi zenu: mara ngapi mtu amebandika picha ya skrini yenye ujumbe wa hitilafu badala ya kunakili maandishi yenyewe? Programu inayomsomea haiwezi kutegemea picha. Vipi fumbo la picha la kuthibitisha kwamba wewe si roboti, linalowekwa wakati wa kujisajili? Vipi michoro ya muundo wa mradi isiyo na maelezo? Kunakili maandishi hakugharimu chochote, na kunamsaidia pia yeyote anayetafuta hitilafu hiyo hiyo baadaye. Na msimwandikie kwa sauti ya huruma. NVDA, programu huria ya kusoma skrini inayotumiwa na watu wasioona duniani kote, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, na James Teh aliyejenga naye pia haoni. Mnaandikiana na mhandisi mwenzenu aliyewaripotia hitilafu, nanyi mkaipoteza.

Kikundi chenu cha simu nitakisema kwa kifupi ingawa najua kitauma kuliko yote. Urafiki wenu bakini nao huko. Maamuzi ya mradi yatoeni. Kila jambo linalogusa msimbo, toleo au watu lijadiliwe mahali ambapo mchangiaji anaweza kulisoma na kulijibu, kwa maandishi, kwa muda wa kutosha ili aliye katika saa nyingine za dunia, au anayehitaji kupanga sentensi zake katika lugha ya pili, naye apate nafasi. Mjadala unaoisha ndani ya saa moja huwa wa wale waliokuwa macho na wenye ufasaha saa hiyo. Mnatangaza uamuzi, watu wanasoma tangazo, na wanajifunza kwamba hapa kazi yao ni kusoma matangazo.

Kanuni za maadili mlizoweka, fungua uzisome upya. Miradi mingi hutumia Contributor Covenant, iliyoandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, na hata mradi wa kiini cha Linux, mfumo endeshi huria, uliipokea mwaka 2018. Ni waraka mzuri, lakini una nafasi iliyoachwa wazi ya kujaza anwani ya kupeleka malalamiko. Angalia kama mliijaza. Kama mliijaza, anwani hiyo inafika kwa nani? Ikiwa inafika kwenu sita, na malalamiko yanamhusu mmoja wa sita, mlalamikaji anamshtaki rafiki kwa marafiki zake. Tafuteni angalau mtu mmoja wa nje ya kundi lenu mnayemheshimu, mkubaliane naye kwa maandishi kwamba ana haki ya kuwawajibisha, na tangazeni jina lake kwa ridhaa yake.

Kuna suala la fedha, na watu wa programu huria hulikwepa. Kazi ya kujitolea inahitaji saa ambazo hazijachukuliwa na kitu kingine. Anayerudi nyumbani kulea, kupika na kumuuguza mzazi hana saa hizo, hata akiwa na kipaji kuwazidi ninyi wote. Ndiyo maana Outreachy iliundwa. Ilianzia kwenye mradi wa programu huria wa GNOME mwaka 2006 kama mpango wa wanawake, ikafufuliwa mwaka 2010, na mwaka 2015 ikahamia Software Freedom Conservancy, shirika lisilo la faida linalosaidia miradi ya programu huria. Inawachukua watu wanaobaguliwa au walio wachache katika teknolojia, inawapa mwongozi, na miezi mitatu ya kazi ya mbali yenye posho, ambayo miaka ya karibuni imekuwa dola 7,000 za Marekani. Mwombaji hutakiwa kuchangia mradi kwanza kabla ya kuchaguliwa, kwa hiyo nanyi mnamfahamu na yeye anawafahamu. Mradi wenu unaweza kuomba kushiriki, ila fanyeni hivyo pale tu ambapo kuna mtu kati yenu aliye tayari kweli kutoa saa zake kila wiki. Mwongozi asiyeonekana ni afadhali asiwepo. Na kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo mjue tayari mtamfanya nini mtu huyo mwezi wa nne, posho ikiisha.

Neno moja la tahadhari. Mkimpata mwanamke wa kwanza akabaki, msimkabidhi papo hapo kazi ya kuwatafuta wanawake wengine, kujibu malalamiko yote na kupigwa picha za ukurasa wa mbele. Nimeona watu wazuri wakimezwa hivyo. Kama alikuja kwa sababu anapenda namna mnavyosoma faili kubwa bila kujaza kumbukumbu ya mashine, mwacheni aandike msimbo huo, na mzigo wa kuifanya jamii iwe ya haki ubebeni ninyi mlioijenga.

Basi fanya hivi. Ita wenzako watano, na badala ya kujadili kama mwenzako ana haki, wekeni mezani orodha ya sehemu za mradi: nyaraka, majaribio, usomaji wa faili, tiketi, utoaji wa matoleo. Mbele ya kila sehemu andikeni masharti ambayo mtu akiyatimiza anapewa mamlaka ya kuidhinisha mabadiliko hapo. Masharti yawe magumu kadiri ubora unavyodai, mwenzako huyo ndiye aandike ya usomaji wa faili, na yawe yale yale kwa wote. Kisha yachapisheni. Nina hakika mtagundua kwamba kwenye nyaraka na tiketi kuna mtu aliyekwisha kuyatimiza na kuyapita, na ameondoka.

Mwandikie. Usimwombe arudi, na usimweleze jinsi mradi unavyomhitaji, hilo alilijua kabla yenu. Mwambie kwamba mmeona kazi yake ilistahili mamlaka na hamkumpa. Mwambie jina lake sasa liko kwenye orodha ya waliojenga mradi, kama ataridhia liwepo. Mwambie nafasi ya mtunzaji wa nyaraka ni yake akiitaka, bila muda wa mwisho wa kujibu. Kama angependa kueleza kilichomchosha, sikilizeni bila kujitetea. Asipojibu, msimwandikie mara ya pili.

Mkishachapisha masharti hayo, niandikie nijue ni nani wa kwanza kutoka nje ya sita aliyepewa haki ya kuidhinisha, na kwenye sehemu gani.

Shangazi